Shangazi Aliyekipima Kisiwa kwa Miguu

Shangazi yangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini kisiwani ukilitaja watu watakuuliza unamtafuta nani. Muulizie Hatua, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alilipata kwa sababu anahesabu anapotembea. Siku hizi hahesabu kwa sauti, midomo tu inacheza kidogo, na ukimsemesha katikati ya njia anakunyooshea kidole usubiri afike mia kamili ndipo akujibu. Mumewe, ambaye ni fundi wa injini za boti, anasema siku ya harusi yao alimuuliza bibi harusi kama amechoka, akajibiwa, "Mia tatu na sita."

Tabia hiyo aliianza akiwa na miaka tisa. Babu yangu alikuwa mlinzi wa mnara wa taa, kazi ya mtu mmoja tu, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba nzima. Macho yakaanza kumfanyia hila. Kwanza alilaumu taa ya chumbani, halafu akalaumu miwani, mwisho akanyamaza. Aliyegundua ni shangazi. Alimwona baba yake akipapasa ukuta kutafuta mlango aliokuwa ameupita kila siku kwa miaka kumi na mbili.

"Usimwambie mtu," babu alimwambia.

"Sisemi. Lakini utapandaje?"

Shangazi ndiye aliyepata jibu. Kutoka kizingiti cha nyumba yao hadi mlango wa mnara, hatua mia mbili na kumi na mbili. Ngazi za ndani, tisini na nne, na ya sitini na moja imevunjika upande wa kulia. Kwa miaka mitatu alitangulia mbele akihesabu, baba yake nyuma akifuata sauti. Mkaguzi alipokuja kutoka makao makuu, babu alipanda kifua mbele kama kijana, na shangazi akapanda mbele yao akijifanya anacheza. Kwenye ngazi ya sitini na moja alikohoa. Babu akainua mguu, akapita. Mkaguzi, ambaye macho yake yalikuwa mazima, akajikwaa akachubuka goti.

Baadaye mnara uliwekewa mashine inayojiwasha yenyewe. Babu akapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani, akastaafu kwa heshima, siri yake ikiwa salama. Lakini binti alikuwa amekwishazoea kuhesabu, na hakuacha.

Alipokua aliajiriwa kufua kwenye nyumba ya wageni. Ni nyumba ya vyumba vinane, ghorofa moja, na paa la saruji lililo bapa ambako kamba za nguo zimefungwa kutoka tangi la maji hadi nguzo ya antena. Bibi mwenye nyumba hiyo alikuwa mjane mwenye maneno machache na funguo nyingi. Shangazi alifua mashuka ya watu waliokuja kutoka kila pembe kuona kisiwa, na kwa mashuka aliwajua. Mchanga mweupe laini: huyo alishinda ufukwe wa magharibi. Matope mekundu: alizunguka magofu. Damu kidogo kwenye taulo: huyo amekanyaga matumbawe, na hakuambiwa na mtu avae viatu.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Ukianza kukizunguka baada ya chai ya asubuhi, chakula cha mchana utakilia nyumbani. Kaskazini yake kuna kisiwa kingine kidogo zaidi, cha mawe na majani mafupi, na maji yakipwa unaweza kuvuka kwa miguu juu ya mwamba. Huko ndiko ndege wa baharini wanakotagia kwa maelfu, na huko ndiko liliko jengo la kale tunaloliita Nyumba ya Waya. Kila mgeni alitaka kufika. Na kila mgeni alipewa, kwenye ofisi ya utalii iliyo karibu na gati, karatasi moja iliyokunjwa mara tatu yenye ramani.

Ramani ile ilikuwa inasema uongo. Shangazi hakumung'unya maneno kuhusu hilo. Ilionyesha njia ya kuvuka kama mstari mmoja ulionyooka, nukta nukta, kutoka ufukweni hadi upande wa pili. Njia ya kweli imepinda. Inafuata mgongo wa mwamba kushoto, inateremka mahali panapoitwa Kooni, halafu inapanda tena. Kooni ndipo maji yanapoingia kwanza na kutoka mwisho, na yakiingia yanavuta mtu kuelekea bahari kuu. Juu ya haya yote, ramani haikuandika hata neno moja kuhusu saa za maji.

Alikwenda kwa ofisa wa utalii mara tatu. Mara ya tatu alikwenda na mikono bado ina povu la sabuni.

"Mama, ramani hii imechapishwa makao makuu," ofisa alisema. Alikuwa mtu wa bara, nadhifu, shati limenyooshwa hadi mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe.

"Waliochapisha wamewahi kuvuka?"

"Wana wataalamu."

"Wataalamu hao wana miguu?"

Ofisa alicheka kidogo, akaahidi kulifikisha. Hakulifikisha. Shangazi alirudi kwenye karai lake, na kwa muda akawa yeye mwenyewe ndiye anayewaambia wageni, akikutana nao kwenye korido na rundo la mashuka: msivuke kabla ya saa fulani, msirudi baada ya saa fulani. Waliomsikiliza walirudi wakavu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimeisikia mara nyingi, kwake na kwa mumewe, na hawatofautiani sana isipokuwa mumewe huongeza urefu wa mawimbi.

Walikuja wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha tatu kutoka bara, wavulana kwa wasichana, pamoja na mwalimu wao wa historia, mwanamke wa makamo aliyevaa kofia pana na kubeba begi lililojaa vitabu. Walifika jioni wakalala mapema. Asubuhi walitoka kabla shangazi hajaingia kazini, kwa sababu mwalimu alitaka wawahi kabla jua halijawa kali. Ramani walikuwa nayo.

Saa mbili na dakika kumi shangazi alikuwa juu ya paa akianika. Kutoka pale unaona kaskazini yote. Aliona mashati meupe yamejipanga kama shanga upande wa pili, yakipanda mawe kuelekea Nyumba ya Waya. Akageuza macho hadi kwenye nguzo za gati. Maji yalikuwa yamekwishaanza kupanda, tena siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida na kwa haraka kuliko kawaida.

Hakupiga kelele. Aliacha shuka moja limening'inia kwa kibanio kimoja, akateremka, akamkuta bibi mwenye nyumba kwenye meza ya mapokezi.

"Wanafunzi wako kisiwa kidogo. Njia inafungwa sasa hivi. Nakwenda."

"Nimwite mumeo alete boti?"

"Asilete. Upande ule wote ni mwamba, na maji yakijaa mawimbi yanavunjikia hapo hapo. Atapasua boti na kuwatia watoto hatarini bure. Mwambie aje saa kumi na nusu jioni, asimame ufukweni, awe na kamba ndefu. Sisi tutavuka saa kumi na moja kasorobo."

"Kutwa nzima mtakaa kule?"

"Kutwa nzima. Nipe chupa za maji."

Alikimbia. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitano, na mara ya mwisho kukimbia hakuikumbuka. Kutoka nyumba ya wageni hadi ufukwe wa kaskazini ni hatua elfu moja na mia tisa za kutembea. Anasema siku ile hakuzihesabu, na ndiyo siku pekee katika maisha yake. Alianza kuhesabu alipotia mguu kwenye mwamba, kwa sababu pale hesabu ndiyo njia yenyewe. Mia moja na hamsini moja kwa moja. Pinda kushoto. Hadi mia nne mwamba ni mpana. Mia nne na ishirini, Kooni, maji yakamfika mapajani na kumsukuma ubavuni kama mtu anayetaka kupita kwenye foleni. Aliegemea upande wa mkondo, akaweka chupa kichwani, akapita. Mia nane na arobaini, nchi kavu.

Akakutana nao wanashuka. Msichana mmoja mrefu alikuwa ameona maji yakipanda, akamwambia mwalimu, na mwalimu akaamua warudi upesi. Walikuwa wamevua viatu na kuvifunga shingoni.

"Hakuna anayevuka," shangazi alisema.

Mwalimu alimtazama. Mbele yake alisimama mwanamke aliyelowa hadi kiunoni, na vibanio vya nguo bado vimembana kifuani kwenye aproni.

"Samahani dada, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayefua mashuka mliyolalia. Keti kwanza."

"Dada yangu, maji yenyewe ni ya magotini. Tukiongeza mwendo dakika kumi tumefika."

"Hapa ni magotini. Kule katikati sasa hivi ni kifuani, na yanavuta. Nimetoka humo."

"Lakini ramani inaonyesha..."

Shangazi hakubishana kuhusu ramani. Aliokota kipande cha mti mkavu, akarudi majini hatua kumi, akakirusha mbali kadiri alivyoweza. Kilianguka mbele yao. Kwa muda mfupi kilielea pale pale, kisha kikashika njia kwenda kulia, polepole, halafu kwa kasi kama kimefungwa injini, kikapita mawe ya mwisho kikatokomea kwenye povu. Wanafunzi walikitazama. Mmoja alifungua viatu shingoni akaanza kuvivaa tena.

Mwalimu akaketi. "Ningewatia ndani ya maji yale," alisema kwa sauti ya chini. "Wote kumi na wanne."

"Hukuwatia," shangazi alisema. "Sasa inuka, wanakutazama. Tuna saa nane za kukaa hapa na sitaki hata mmoja alie."

Mmoja alikuwa amekwishaanza. Shangazi akampa kazi ya kukusanya chupa zote za maji na kuzipanga kivulini. Zilipatikana kumi na tisa, pamoja na zake. Akaweka sheria: kila saa funda mbili kwa kila mtu, na yeye ndiye atakayesema saa imefika. Biskuti zilizokuwepo zikagawanywa mara mbili, nusu sasa na nusu saa tisa. Halafu akawapeleka Nyumba ya Waya, ambako kuta mbili bado zina kipande cha paa na kivuli chake kinatosha watu ishirini wakibanana.

Baada ya hapo, kwa kuwa watoto wa umri huo hawakai, akaamua kuwaonyesha kisiwa.

Alianza na ndege. Aliwapanga mstari mmoja, kila mtu akanyage alipokanyaga mwenzake, kwa sababu ndege wale hawajengi kiota, wanataga chini juu ya changarawe, na yai lina madoa sawasawa na mawe. "Tafuteni," aliwaambia. Walitafuta, hawakuona kitu. Akaelekeza kidole. Yai lilikuwa shibiri moja kutoka kiatu cha kijana aliyekuwa anasema hapa hakuna kitu. Kuanzia hapo wote walitembea kama wako kwenye chumba cha mgonjwa.

Ndege mmoja alishuka majini, akalowesha tumbo, akarudi na kuketi juu ya mayai yake.

"Anaoga?" msichana mrefu aliuliza.

"Anabeba maji. Jua la hapa lingeyaivisha mayai. Analowesha manyoya ya tumbo, anakuja kuyapoza. Baba na mama wanapokezana hivyo mpaka jioni."

"Hata baba?"

"Hata baba. Usishangae sana, wapo."

Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jua lilipopanda wakarudi kivulini, na hapo ikawa zamu ya historia. Mwalimu alitoa kijitabu cha wageni akasoma kwa sauti kwamba jengo lile lilikuwa jela ya zamani ya wahalifu wa baharini. Shangazi alingoja amalize.

"Mwalimu, nenda kwenye ule mlango. Niambie komeo liko upande gani."

Mwalimu akaenda, wanafunzi nyuma yake. Mlango wenyewe ulikuwa umeoza zamani, lakini chuma cha komeo kilikuwa bado kwenye jiwe.

"Liko ndani," alisema.

"Na mlango wa pili?"

"Ndani pia."

"Basi hiyo ni jela gani, mfungwa anajifungia mwenyewe akitaka kulala?"

Wanafunzi waliangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. Aliinama akalishika lile komeo kwa vidole, akatoa daftari akaandika. Shangazi akawaonyesha tundu la mviringo chini ya ukuta wa upande wa bahari. Humo ndimo waya ulimopita. Ulitandazwa chini ya bahari kutoka nchi moja hadi nyingine, na hapa ulipumzika kidogo. Wanaume wanne walikaa humu kwa zamu, wakisikiliza mashine ikigonga, wakipokea maneno upande huu na kuyasukuma upande ule. Fulani amezaliwa. Fulani amefariki. Meli imechelewa. Habari za watu wasiowajua, na ambao hawakuwajua wao. Haya aliyapata kwa babu, naye aliyapata kwa mmoja wa wale wanne, mzee aliyemaliza maisha yake kisiwani akitengeneza saa.

Nyuma ya jengo kulikuwa na mawe yaliyosimamishwa, bila maandishi. "Na hawa?" mwalimu aliuliza.

"Wabebaji. Waya ule ulivutwa kutoka melini hadi hapa kwa mabega. Wengine hawakurudi. Kijitabu chako kinasema ni mawe ya mpaka."

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wayahesabu. Wakapata kumi na saba. Wakahesabu tena, kila mmoja peke yake, wakapata kumi na saba.

Saa kumi na nusu walionekana watu ng'ambo. Fundi alikuwa amekuja na kamba, na nyuma yake wakaja wengine wengi, bibi mwenye nyumba akiwa na mwavuli, ofisa wa utalii na shati lake. Maji yalikuwa yanashuka. Watoto walitaka kuondoka mara moja. Shangazi aliwaonyesha jiwe moja lenye umbo la mtumbwi karibu na Kooni. "Lile likikauka mgongo wote, tunakwenda. Hata tone moja la maji likibaki, tunakaa."

Lilikauka saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Fundi alikuja na ncha ya kamba hadi Kooni, akasimama maji yakiwa magotini, akaishika. Shangazi akatangulia akihesabu kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa hajahesabu kwa miaka mingi, na baada ya hatua ishirini wanafunzi wakaanza kuhesabu naye. Walipofika mia nne sauti zao zilikuwa zinasikika hadi ufukweni. Mia nane na thelathini na tisa. Mia nane na arobaini. Mwalimu alifika wa mwisho. Alimkumbatia shangazi pale pale na vibanio vyake.

Kesho yake ofisa alimwita ofisini. Shangazi alikwenda na aproni safi. Ofisa alikuwa amesimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Unajua huna kibali cha kuongoza wageni," alianza. "Kikitokea kitu, mimi ndiye ninayeulizwa. Sasa natakiwa kuandika ripoti. Niandike nini?"

"Andika ramani ilikosea."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini?"

Ofisa alitazama dirishani. "Kwa sababu wataniuliza kama nimehakikisha," alisema hatimaye. "Nina miaka sita hapa. Sijawahi kuvuka. Sijui kuogelea, mama. Maji yakinifika magotini nashindwa kupumua."

Mtu mwingine angemcheka palepale. Shangazi alimwuliza anavaa viatu namba ngapi.

Jumamosi maji yalipokupwa alimpeleka. Alimshika mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaenda wakahesabu, wakarudi wakahesabu. Ofisa alitoka jasho hadi mikunjo ya shati ikalala. Jumatatu aliandika ripoti, na humo aliandika neno kwa neno: ramani ilikosea. Majibu yalichukua wiki saba. Yalisema kwamba kama ofisi ya kisiwa inaona kuna kosa, ilete mchoro sahihi wenye vipimo.

"Vipimo," ofisa alisema, akimkabidhi barua. "Tutavipata wapi? Mpimaji anataka kusafirishwa, kulazwa, kulishwa."

"Mpimaji unaongea naye," shangazi alisema.

Walianzia karakana ya Fundi. Alilaza utepe wa kupimia sakafuni, mkewe akatembea juu yake hatua mia, kisha mia nyingine, mara kumi. Tofauti kati ya mara ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haikuzidi kiganja. Fundi alifuta mikono ya grisi, akaupigia saluti mguu wa mkewe. Hatua moja ilikuwa sentimeta sitini na tatu. Mwalimu wa historia, aliyekuwa ameomba habari kwa barua karibu kila wiki, alituma dira, karatasi pana za kuchorea na maelekezo ya mwenzake anayefundisha jiografia, kurasa sita, jinsi ya kugeuza hatua kuwa mstari.

Ilichukua miezi minne, Jumapili na nyakati za jioni baada ya kufua. Fundi alishika dira, mkewe akatembea. Waligombana. Kuna siku alitembea pwani yote ya mashariki, hatua elfu tatu na kitu, akafika mwisho akakuta Fundi amesahau kuandika upande walioanzia. Wakarudia. Jioni ile, Fundi anasema, alikula peke yake. Lakini mchoro ulikua, kwenye meza ya kupigia pasi, umelazwa juu ya blanketi na kushikiliwa pembe nne kwa pasi mbili, bakuli na kopo la wanga. Ufukwe wa magharibi wenye mchanga laini. Mahali pa kuvaa viatu. Magofu. Viota, na mstari usiovukwa wakati wa kutaga. Mawe ya wabebaji, kumi na saba, kwa herufi na kwa tarakimu. Na njia ya kuvuka, imepinda kama ilivyo, na pembeni yake ameandika kwa mkono wake: *Jiwe la mtumbwi likiwa na maji, kaa ulipo.*

Makao makuu walibadilisha rangi na kuongeza nembo. Mengine yote yalichapishwa kama alivyoyachora.

Mwaka uliofuata ofisa alimshawishi afanye mtihani wa kuongoza wageni. Mtahini alimuuliza Nyumba ya Waya ilijengwa kwa ajili gani. Shangazi akajibu. Mtahini akatazama karatasi yake, akamwambia jibu linalotakiwa ni jela.

"Nimekusikia," shangazi alisema. "Wewe andika nimekosa, lakini mimi jibu sibadilishi."

Akaandika amekosa. Shangazi alifaulu kwa maswali mengine yote, akapewa kitambulisho chenye picha ambayo anaonekana kama anataka kumkatiza mpiga picha. Kijitabu kipya kilipotoka, mwalimu wa historia akiwa mmoja wa walioandika, neno jela halikuwemo.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na miwili ya maisha yake, shangazi alikwenda kutembelea kisiwa kingine. Hakuna aliyemtuma. Alifunga sanduku, akamwambia Fundi achukue likizo, wakasafiri kwa meli kwa saa sita nzima, Fundi akitapika na mkewe akimsimulia habari za mwamba unaopita chini yao. Siku ya kwanza alikagua kila kitu: mashuka, ramani, viatu vya wageni. Siku ya pili kijana wa mapokezi alimwomba kwa adabu aache kuwaelekeza wageni wengine.

Siku ya tatu nilipowapigia simu, Fundi ndiye aliyepokea. Nilimuuliza shangazi yuko wapi.

"Yupo hapa ameketi mchangani," alisema, akishusha sauti kama mtu anayemtazama ndege asiruke. "Tangu asubuhi. Nimemuuliza tunangoja nini, ameniambia hatungoji kitu, tumekuja kutembea."

"Anaendeleaje?"

"Amenunua kofia," Fundi alisema. "Kubwa. Hebu ngoja, ananiita niingie majini."